Mirathi Huanza na Marehemu: mwongozo wa kusoma sheria ya wosia, udhamini na urithi ukiwa Dar es Salaam

Wanafunzi wengi wa sheria hapa mjini huingia somo la mirathi kwa mlango wa nyuma. Wanakariri mafungu, wanakariri idadi ya mashahidi wa wosia, wanakariri majina ya fomu. Kisha mtihani unakuja na marehemu aliyezaliwa Rombo, akabatizwa, akaoa binti wa Kizaramo Mwislamu, akajenga Mbagala, akaacha shamba la migomba kwao. Hapo kalamu inasimama. Mafungu yote anayajua, ila hajui afungue kitabu kipi.

Mwongozo huu ni kwa anayesoma shahada ya sheria, kwa msaidizi wa kisheria wa mtaani, na kwa yeyote anayetaka kulielewa somo hili kwa utaratibu. Kama una msiba nyumbani sasa hivi na ndugu wameshaanza kugombea funguo, tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Haya ni masomo.

Hatua ya kwanza: pata sheria zenyewe

Usianze na nukuu za mwenzako wa mwaka jana. Chapisha au pakua hizi: Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352; Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, hasa Jedwali la Tano; kifungu cha 11 cha Sura ya 358 (Judicature and Application of Laws Act), kinachoeleza sheria za kimila na za Kiislamu zitumike kwa nani; Sheria ya Ndoa ya 1971; Sheria ya Mtoto ya 2009; Sheria ya Uunganishaji wa Wadhamini, Sura ya 318; na Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, lililoandika mila za urithi na wosia. Hukumu zinapatikana bure TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania. Angalia pia unasoma toleo gani la urekebu, maana namba za vifungu huhama toleo jipya likitoka. Vifungu ninavyotaja hapa ni vya toleo la 2002, ambalo hukumu nyingi utakazosoma zinalitumia.

Halafu kuna Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, na hapa pana mtego. Sisi bado tunaitumia hiyo ya 1865. India wenyewe waliiacha, wakatunga nyingine mwaka 1925. Ukitafuta mtandaoni bila kuangalia mwaka, utaletewa ya 1925, na namba za vifungu hazilingani kabisa. Masharti ya kuandika wosia yamo kifungu cha 50 katika ile ya 1865, na kifungu cha 63 katika ya 1925. Msahihishaji akiona 63 kwenye karatasi yako, atajua papo hapo ulikosoma.

Vipindi vyuoni vingi ni vya Kiingereza, lakini tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama. Kwa hiyo weka daftari la istilahi lenye safu mbili tangu wiki ya kwanza. Anayemaliza shahada bila kujua kusema "msimamizi wa mirathi", "orodha ya mali na madeni" na "batilisho la uteuzi" atababaika mbele ya hakimu.

Hatua ya pili: uliza marehemu alikuwa nani

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi, kwa sababu kila kitu kingine kinafuata jibu lake. Tanzania Bara haina sheria moja ya urithi. Kuna ya kimila, kuna ya Kiislamu, kuna ile ya India ya 1865 inayotumika hasa kwa Wakristo na wengine walioachana na maisha ya kimila, na kuna ya Kihindu kwa Wahindu. Zanzibar ina utaratibu wake na Mahakama za Kadhi. Huku Bara mirathi ya Kiislamu husikilizwa na hakimu wa kawaida, kwa kawaida kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Sasa, dini peke yake haikupi jibu, na kabila peke yake haliwezi. Mahakama zetu hutumia vipimo viwili: namna marehemu alivyoishi, na nia aliyoionyesha kwa maneno au matendo. Shauri la George Kumwenda dhidi ya Fidelis Nyirenda, lililoripotiwa mwaka 1981, linaeleza vipimo hivi. La zamani zaidi ambalo kila mwanafunzi wa Dar analipenda ni la mirathi ya Innocent Mbilinyi, la 1969. Marehemu alikuwa Mngoni, lakini maisha yake mengi aliyaishi nje ya Ungoni, akafunga ndoa ya Kikristo na Mchaga, na watoto hawakulelewa Kingoni. Mahakama ikaona ameuacha mwenendo wa kimila, ikaelekea kwenye sheria ya 1865.

Lipende shauri hilo, ila usilitumie kwa kila anayeishi mjini. Kuishi Dar miaka thelathini hakumtoi mtu kwenye mila. Wapo watu wa Sinza na Tabata ambao kila Desemba wako barabarani kwenda kwao, wanachangia ukoo, wamegawiwa kihamba (shamba la ukoo kwa Wachaga), hawakosi kikao cha familia, na wameshasema watazikwa wapi. Wengine wana mkoa wa asili kwenye cheti cha kuzaliwa tu.

Zoezi ninalolipendekeza: chukua marehemu wa kubuni na umwandikie maswali kama wakili anayemhoji mjane. Alifunga ndoa ya namna gani, na ngapi? Alisali wapi, au aliacha kusali? Watoto wanasema lugha gani nyumbani? Mahari na misiba ya ukoo alishiriki vipi? Mali ipi iko mjini, ipi ni ardhi ya ukoo? Aliandika au kutamka lolote juu ya urithi? Kisha badilisha jibu moja tu uone kama sheria inahama. Alisilimu miezi michache kabla ya kufa. Je, alisilimu kwa imani, au ili aoe mke wa pili? Wawili mkibishana juu ya hilo kwa nusu saa kwenye daladala ya Kimara, mmejifunza kuliko kusoma kurasa kumi.

Neno moja kuhusu Tangazo la 1963: limeandikwa kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Waluguru wa Morogoro kijadi hufuata ukoo wa mama. Usimpeleke marehemu Mluguru kwenye ngazi za urithi za Tangazo hilo bila kulisema hili.

Hatua ya tatu: pitisha familia moja kwenye kila sheria

Tengeneza familia moja na ukae nayo muhula mzima. Yangu ni hii: mume amefariki Temeke bila wosia. Ameacha mjane, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume, mmoja wa kike, na kaka. Baba alishatangulia. Gharama za mazishi na madeni yakishalipwa, inabaki shilingi milioni 72.

Kwa sheria ya Kiislamu, mjane ana moja ya nane kwa kuwa kuna watoto: milioni 9. Mama ana moja ya sita: milioni 12. Zinabaki milioni 51, za watoto, mwanaume akipata mara mbili ya mwanamke: milioni 34 na milioni 17. Kaka hapati kitu, kwa sababu mtoto wa kiume amemzuia.

Kwa sheria ya 1865, mjane anachukua theluthi moja, milioni 24, na theluthi mbili ni za watoto sawa kwa sawa, milioni 24 kila mmoja. Mama hana kitu. Hapa wanafunzi hushtuka kidogo, kwa kuwa mazoea ya nyumbani yanatuambia mama hakosi. Kama marehemu asingekuwa na mtoto wala mjukuu, mjane angechukua nusu, na nusu nyingine ingekwenda kwa ndugu wa damu.

Kwa Tangazo la 1963 sikupi hesabu ya shilingi, kwa sababu mantiki yake ni ya ngazi: mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba ya kwanza ndiye wa daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, mabinti la tatu, na fungu hupungua kadiri unavyoshuka. Mjane, kwa kanuni ya 27, hana fungu iwapo mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni ya 20 inamruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aitumie tu, asiiuze. Zisome kanuni hizo mbili kwa sauti. Tutazirudia chini.

Ukishazoea, ongeza ugumu. Mwondoe mtoto wa kiume uone kaka anavyorudi kwenye hesabu ya Kiislamu. Weka wake wawili, wagawane ile moja ya nane. Kisha jaribu pale mafungu yanapozidi mali: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, hana mtoto wala mzazi. Mume anadai nusu, dada wanadai theluthi mbili. Jumla ni saba ya sita, na hakuna mali yenye sehemu saba kati ya sita. Wanazuoni wa faraidhi, yaani elimu ya mirathi ya Kiislamu, hulitatua kwa auli: mali inagawanywa mafungu saba badala ya sita, mume matatu, dada wote wawili manne. Fanya hesabu hizi kwa mkono. Programu za simu zipo, lakini hazitaingia nawe kwenye chumba cha mtihani, na hazikuambii ni nani kamzuia nani.

Na kabla ya hesabu yoyote, jiulize kama mali yote ni ya marehemu kweli. Shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la 1983 lilihusu talaka, lakini funzo lake linavuka hadi hapa: Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Mjane aliyejenga nyumba ya Mbagala pamoja na mumewe ana hoja juu ya sehemu yake mwenyewe kabla mafungu hayajaanza kugawanywa. Vivyo hivyo pesa za kikoba zilizokuwa mkononi mwa marehemu aliyekuwa mweka hazina ni za wanachama.

Hatua ya nne: wosia

Sehemu hii ni fupi ukishajua sheria ipi inatumika. Chini ya sheria ya 1865, wosia uandikwe, utiwe saini na mwenyewe au mtu anayemwelekeza mbele yake, na ushuhudiwe na watu wawili au zaidi. Shahidi aliyepewa zawadi kwenye wosia huo, au ambaye mwenzi wake amepewa, hapati zawadi hiyo. Na ndoa inafuta wosia ulioandikwa kabla yake. Watunga mitihani wanavipenda vitu hivi viwili kupita kiasi, kwa hiyo ukisoma swali piga mstari chini ya kila tarehe ya ndoa na kila jina la shahidi.

Kwa Kiislamu, kikomo ni theluthi ya mali baada ya madeni, na mrithi haachiwi wosia ila warithi wengine wakiridhia. Kwa milioni 72, mwisho wa wosia ni 24.

Kwa mila, wosia unaweza kuwa wa mdomo au wa maandishi. Wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Wa maandishi, kwa mtu anayejua kusoma na kuandika, wawili wanatosha. Mtoa wosia anaweza kumnyima mrithi, ila kwa sababu zinazotambulika, kama kumshambulia au kutomtunza katika ugonjwa na njaa, na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Mzee anayesema tu "huyu simpi, basi" hajamnyima mtu kitu.

Wosia unaweza kuhifadhiwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na ofisi zao ziko mjini kati. RITA ndiko aliko pia Kabidhi Wasii Mkuu, anayeweza kusimamia mirathi pale inapokosa msimamizi au yenye ugomvi usioisha.

Hatua ya tano: udhamini, na maneno matamu yasiyofunga

Udhamini hapa ni trust: mtu mmoja kushika mali kwa faida ya mwingine. Hapa Uingereza inaingia. Kwa kuwa hatuna kanuni zote za udhamini kwenye sheria zetu, tunategemea kanuni za usawa (equity) zilizopokewa kupitia Sura ya 358, kwa tarehe ya kikomo ya 22 Julai 1920. Ndiyo maana utasoma mashauri ya karne ya 19 ya London ukiwa Mlimani.

Anza na Knight dhidi ya Knight la 1840. Linataka uhakika wa mambo matatu: kwamba mtu alikusudia kuweka udhamini, mali gani, na kwa faida ya nani. Uhakika wa kwanza ndio unaowaangusha watu, na hakuna lugha inayouangusha kwa upole kama Kiswahili chetu cha heshima. Soma kifungu hiki cha wosia wa kubuni: "Nyumba yangu ya Tabata namwachia mdogo wangu, nikiwa na imani kwamba atawaangalia wanangu kama wake." Je, mdogo mtu ni mmiliki, au ni mdhamini anayewashikia watoto? Mwaka 1884, katika shauri la Adams na Kensington Vestry, mume alimwachia mke mali akiwa na imani kamili kwamba atawatendea watoto haki. Mahakama ikasema hiyo ni imani tu, mke ni mmiliki kamili. Kwa kipimo hicho, mdogo mtu wa Tabata anaweza kuuza nyumba kesho.

Sasa kiandike upya kifungu hicho mpaka kifunge: nani mdhamini, nyumba ipi kwa namba ya kiwanja, kodi itumike kwa nini, watoto gani kwa majina, na wakabidhiwe wakifikisha umri gani. Zoezi hili fanya mara nyingi, kwa sababu ndilo litakalokulisha baadaye.

Wakfu usome sambamba na udhamini, usiuchanganye nao. Mali inatolewa kwa ajili ya Mungu na faida yake inabaki kwa msikiti, kisima au jamaa; ukiwekwa kwa wosia, nao unabanwa na ile theluthi. Misikiti, makanisa na taasisi nyingi hapa Dar hushika mali kupitia bodi za wadhamini zilizosajiliwa RITA chini ya Sura ya 318. Kiini cha Sura hiyo ni kwamba bodi ikishasajiliwa inakuwa mtu wa kisheria, na mdhamini akifa mali haihami.

Hatua ya sita: nenda mahakamani ukakae nyuma

Mirathi haifahamiki bila kumwona karani akirudisha fomu. Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia mirathi na mambo ya ndoa, kilichoanza 2021, ambako ngazi tofauti za mahakama ziko chini ya paa moja. Vaa kiheshima, jitambulishe kwa karani, zima simu, usipige picha, na usimfuate mfiwa nje kumwuliza maswali.

Sikiliza njia ya shauri. Familia inakaa kikao na kuandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi. Anaomba Mahakama ya Mwanzo iwapo sheria ni ya kimila au ya Kiislamu na marehemu alikuwa na makazi katika eneo la mahakama hiyo. Cheti cha kifo kinaambatishwa. Tangazo linatolewa, mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akiteuliwa ana miezi minne kuwasilisha Fomu Na. 5 ya mali na madeni, kisha hesabu za mgawanyo kwa Fomu Na. 6. Mirathi ya sheria ya 1865 haiendi Mahakama ya Mwanzo. Inafuata Sura ya 352, na huko kifungu cha 107 kinatoa miezi sita kwa orodha ya mali na mwaka mmoja kwa hesabu. Ombi likija baada ya miaka mitatu tangu kifo, lazima lieleze sababu ya kuchelewa.

Jambo utakalolisikia likirudiwa na mahakimu karibu kila siku: msimamizi hajawa mrithi kwa kuteuliwa. Muhtasari wa kikao nao haumteui mtu, unapendekeza tu. Kaka mkubwa aliyebeba barua ya usimamizi akaanza kupokea kodi za fremu kama zake anaweza kuondolewa, na akashtakiwa. Ukikaa nyuma ya chumba asubuhi moja tu utaona ndugu wasiolijua hili ni wengi kiasi gani.

Hatua ya saba: soma mashauri ya wanawake kwa mpangilio wa miaka

Rudi kwenye kanuni ya 20 na ya 27. Holaria Pastory wa Bukoba alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake, Bernardo Ephrahim, akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, akasema katazo lile linabagua, linapingana na Katiba na mikataba tuliyoridhia, na mwanamke anaweza kuuza kwa masharti yaleyale ya mwanaume. Kisha soma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inayobatilisha mila inayowanyima wanawake na watoto ardhi.

Ukiishia hapo utadhani mambo yameisha. Soma shauri la Elizabeth Stephen la 2006, Mahakama Kuu Dar es Salaam: wajane wawili waliofukuzwa na wakwe. Mahakama ilikubali kuwa kanuni zinabagua, ikakataa kuzifuta, ikihofia kufungua mlango wa mila zote kupingwa. Rufaa ikatupwa 2010 kwa kasoro ya utaratibu. Wajane wakaenda kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema Tanzania imekiuka haki zao. Kwa maoni yangu hoja ya 2006 ni dhaifu, kwa kuwa mahakama iliyokwisha kukiri ubaguzi haina sababu ya kumwachia mjane asubiri mila ibadilike yenyewe. Usinikubalie kirahisi, iandikie hoja ya kuipinga ukurasa mmoja, utaihitaji darasani.

Mtihani

Panga jibu kwa mfululizo huu: sheria ipi na kwa ushahidi gani, mali ipi ni ya marehemu, wosia upo na ni halali, mazishi na madeni, warithi na mafungu yao, mahakama ipi na muda upi. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa akitokea, na kwa kawaida hutokea mwishoni mwa aya, taja kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto, kinachokataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake, na ueleze kinavyogongana na mila na faraidhi. Kama sheria inayotumika ina utata, toa jibu kwa sheria zote mbili zinazowezekana, useme ipi unaiona ina nguvu na kwa nini. Maksi nyingi ziko kwenye hiyo "kwa nini", na hapo ndipo karatasi nyingi huwa na mistari miwili tu.